Mwalimu Kosgei Ametuachia

Jumatatu, 19 Mei 2025

Wiki ya mwisho ya majaribio! Miezi mitatu sasa hapa kwenye yadi ya kuuza magari napiga magari picha, naandika matangazo ya Facebook na TikTok, najibu watu wanaouliza bei na bei iko hapo hapo mbele ya macho yao. Ijumaa Bwana Gathogo ataamua: anipe kandarasi ya mwaka mmoja, au nirudi Kuresoi nikavune viazi. Mama ameshawaambia watu wote wa kanisa kwamba nimeajiriwa. Asante sana, Mama.

Leo mzee mmoja wa Molo ameleta Corolla yake tumuuzie. Mwalimu Kosgei, amestaafu, suti ya kahawia na kofia. Macho yamechoka, anasema leo ndiyo mara yake ya mwisho kuendesha. Tangu 2008 hakuna mtu mwingine ameshika usukani wa hilo gari, hata mkewe. Nilimwomba nimpige picha, akakubali, na jina pia akasema nitumie. Akakaa wima akingoja nibonyeze. Nilikuwa nimeshapiga kumi.

Gathogo anasema huyu mzee amefundisha nusu ya Molo, kwa hivyo jina ndilo litauza. "Usiweke gari tu, Cheruto. Weka mtu."

Jumanne, 20 Mei

Tangazo tayari — kazi safi, najipongeza mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunipongeza. Picha ya Mwalimu juu, nimeigeuza nyeusi na nyeupe, anaonekana kama waziri. Chini yake kwa herufi kubwa: Mwalimu Kosgei ametuachia. Kisha 2008 – 2025, miaka aliyokaa na gari. Gari lenyewe likafuata huko chini, na nambari ya simu.

Yale maneno makubwa yalinisumbua. Hayakutaka kutoshea, herufi ya mwisho ikawa inarukia mstari wa pili peke yake. Nikafuta, nikaandika upya, yakaingia. Nimeposti saa kumi na moja jioni, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatano, 21 Mei

Siamini. Mwalimu Kosgei amefariki!

Nimefungua simu asubuhi, komenti mia nne. Mimi ambaye sijawahi kufikisha hata arobaini! Nikashangilia kwanza, ndipo nikasoma. Pumzika kwa amani, Mwalimu. Poleni familia. Mwalimu wangu wa darasa la sita, lala salama. Na juzi tu alikuwa hapa, kofia kwa goti! Nimelia chooni. Nilipotoka nikaandika na mimi, chini ya tangazo langu mwenyewe: poleni sana, Mungu awatie nguvu.

Gathogo alimpigia simu, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akasema Corolla itolewe pale mbele iende nyuma, si vizuri kuuza gari la mtu ambaye hajazikwa. Mama naye akapiga kutoka Kuresoi kuuliza mazishi ni lini. Huko tayari kuna grupu la WhatsApp la matayarisho, na mwenyekiti amechaguliwa.

Saa tano Gathogo akanunua mikate, sukari na maziwa, akaenda Molo kutoa pole. Mimi nikabaki nikiwajibu watu mmoja mmoja.

Saa tisa simu ikalia. Gathogo. Sauti ya chini sana.

"Cheruto. Uko karibu na ile poster?"

"Niko, boss."

"Nisomee ile line ya kwanza. Kwa sauti."

Nikasoma. Mwalimu Kosgei ametua… ametuacha. Ametuacha! I iko wapi? Niliiandika, naapa niliiandika — ile mara ya kwanza. Mara ya pili nimeila.

"Mzee ako hapa, tuko na yeye," Gathogo akasema. "Amekuwa shamba tangu asubuhi, simu haina charge. Nimefika kwa gate na mikate mkononi, ananiuliza ni nani amekufa."

Yu hai! Nikakaa sakafuni kati ya meza na ukuta nikacheka na kulia pamoja. Sijui kama nimewahi kushukuru hivyo. Mtu nimekutana naye mara moja tu!

Dakika mbili hivi. Halafu nikaliangalia tangazo kama mtu anayekutana nalo mara ya kwanza. Picha nyeusi na nyeupe. Miaka miwili na kistari katikati. Na gari? Kwenye simu picha inakatwa, gari halionekani mpaka ubonyeze. Nimemuua mzee wa watu, kisha nikamtolea rambirambi.

Alhamisi, 22 Mei

Gathogo haongei na mimi. Afadhali angepiga kelele. Amesema mambo mawili tu. Moja, Mwalimu anakuja kesho, na amekataza tangazo lisifutwe mpaka afike. Pili, akitaka kwenda kwa wakili, "hapo ni wewe na yeye." Kuhusu kandarasi, hata neno.

Nimeongeza maneno juu ya tangazo kwamba Mwalimu ni mzima wa afya na kosa ni letu. Kuna watu hawaamini. Mmoja anasema ukurasa wetu umeingiliwa na matapeli.

Nimeshaanza kupanga nitakavyomwambia Mama. Lakini kila nikikumbuka kwamba yule mzee amekunywa chai yake leo asubuhi, moyo unatulia. Wanifukuze kwa herufi. Si kwa maiti.

Ijumaa, 23 Mei

Saa saba. Naandika hapa hapa mezani, chini ya kaunta, maana nikingoja jioni nitasahau vile alisema.

Alifika saa nne. Suti ile ile. Akasimama katikati ya ofisi, akauliza kila mtu akisikia:

"Msichana aliyeniua ni yupi?"

Nikasimama. Nikamsalimu kwa lugha yetu ya nyumbani. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Ametuacha, ametuachia. Tofauti ni nini?"

"Ni irabu moja, Mwalimu."

"Tofauti ni jeneza." Hakucheka. "Mke wangu, Mama Jepkorir, amelia. Binti yetu Jepkorir mwenyewe ametoka kazini Olkaria akilia njia nzima mpaka Molo. Hiyo siwezi kucheka."

"Nisamehe, Mwalimu. Nisamehe sana." Na machozi yakanitoka, sikuyazuia.

Kisha akasema macho yake hayasomi simu, kwa hivyo nimsomee. Zote.

Nikasoma. Mia sita na kitu! Akawa ananisimamisha. "Huyo aliandika 'pumuzika'? Mwambie ni pumzika. Miaka minne nilikuwa na yeye." Mwanamke mmoja wa Karagita aliandika kwamba alipokosa sare Mwalimu alimnunulia, na hakuwahi kurudi kusema asante, sasa amechelewa. Hapo mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu bila sababu.

"Mjibu. Mwambie hajachelewa."

Nikaandika. Akataka kujua kama Kemboi ameandika, yule aliyekuwa naibu wake, hawajaongea tangu wastaafu. Nikatafuta. Hajaandika.

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Hakuna. Akaguna, akasema basi kumbe hata kufa hakumtoshi. Nikacheka kabla sijajizuia — na yeye akacheka! Mabega yakatikisika, kofia ikaanguka. Nilihisi kama mtu amenitua gunia la viazi mgongoni. Gathogo alitoa kichwa mlangoni kwake, akakirudisha.

Ndipo simu ya yadi ikalia. Nikajibu. Mwanaume, anaongea polepole, kwa heshima, kama yuko matangani.

"Ni nani?" Mwalimu akauliza.

"Ni mteja, Mwalimu. Anauliza kama… anauliza kama lile gari la marehemu bado liko."

Akanyoosha mkono. Nikampa.

"Liko," akasema. "Unaongea na marehemu. Unakuja saa ngapi?"

Bado yuko kwa simu mpaka sasa, anamweleza huyo mtu habari za klachi. Gathogo amesimama mlangoni mwa ofisi yake, karatasi mkononi, kandarasi au barua ya kunifukuza, ananiita kwa kidole. Ameuma midomo. Sijui ni hasira au anazuia kicheko. Mwalimu ameziba simu kwa kiganja, amemwambia Gathogo: "Hiyo karatasi, ilete kwanza hapa niikague." Na Gathogo — anakuja!