Betri ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Gari la zahanati limekufa, na safari hii hata fundi kalikunjia uso. Daktari mkuu kasema sisi wauguzi wa majumbani tujiongeze. Yeye anakaa bondeni. Wagonjwa wangu wote wako juu, na goti langu la kulia linalia kama bawaba.

Nimeitoa stoo ile baiskeli ya milimani ya enzi za ujana wangu. Kutu. Breki zimeganda. Ndani ya siti panya walizaa, wakahama, wakaacha harufu. Nimeosha vidonda vya kila namna na sijawahi kuziba pua — leo nimeziba.

Shemeji kanikuta uani. Ni mdogo wa mume wangu, tunamwita Injinia, maana hakuna asichokijua na hakuna alichowahi kumaliza. Akasema baiskeli hiyo haitaki miguu, inataka mota. Anayo moja. Betri naye anajua pa kuipata. Mdomo wangu ulitaka kukataa. Goti likakubali.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kazini nikakuta baiskeli iko sebuleni, miguu juu, kama mbuzi anayesubiri kuchunwa. Grisi kwenye kochi. Grisi kwenye swichi ya taa. Mnyororo unachemka na sabuni jikoni — kwenye sufuria yangu ya maziwa.

Gurudumu jipya la mbele lina mota katikati, zito kama jiwe la kusagia. Halikuingia kwenye uma, ile panda ya chuma inayolishika. Badala ya kupima, Injinia kachukua tupa akaanza kuukwangua uma pale pale juu ya meza ya chakula. Chenga za chuma zikaingia kwenye kopo la sukari. Nikamwonyesha. Akasema chuma kinaongeza damu, kwani wewe si ni muuguzi? Mume wangu akacheka. Nimeimwaga sukari yote mbele yao, na nimeimwaga taratibu ili waone.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna alama ya kidole cheusi kwenye mswaki wangu. Sitauliza.

Jumamosi, 8 Machi

Betri yenyewe ndiyo hii: vijibetri alivyovichokonoa kwenye kompyuta mbovu, kavikusanya na kuvizungushia tepu nyeusi, kama mtu aliyefunga kidonda bila kukiosha. Akaunganisha nyaya. Mota ikageuka kidogo, halafu furushi likaanza kuvimba. Kuvimba kweli, kama jipu. Na harufu — tamu, ya kuchefua, hadi sasa iko kooni. Nimelibeba kwa koleo mpaka uani nikalifukia kwenye ndoo ya mchanga. Injinia alisimama mlangoni akinielekeza namna ya kushika koleo.

Nilimwambia aondoe takataka zake nyumbani kwangu. Mume wangu, kwa ule upole wake wa kuudhi: mdogo wangu anajitahidi, mpe nafasi.

Jumatatu, 10 Machi

Kaja na betri nyingine. Ya kijivu, safi, ina mpini juu na kifuli ubavuni. Nikauliza imetoka wapi. "Shemeji, wewe panda tu." Kaifunga kwenye fremu kwa mikanda.

Nimepanda. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa: ilikuwa raha. Ile kona ya juu ambapo huwa nashuka na kukokota, leo nimeipita nimekaa, pumzi yangu iko pale pale. Mzee wa kidonda cha kisigino kaniuliza kama nimeolewa upya. Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Nikamshukuru Injinia. Kwa mdomo wangu huu.

Jumatano, 12 Machi

Jioni nimeifungua betri kwenye fremu niifute vumbi. Chini ya mpini kuna gundi kavu na vipande vya uzi mwekundu.

Uzi ule niliuzungusha mimi, mwaka jana, ili vidole vya mama mkwe visiteleze anapoichomoa betri kuichaji. Ni betri ya kiti chake cha magurudumu, kile cha umeme, kile tulichochangia ukoo mzima. Injinia anaishi na mama. Yeye ndiye "anayemtunza". Na uzi haukukatika wenyewe, umekatwa kwa kisu. Aliyeukata alijua anaficha nini.

Kwa hiyo nilikuwa nikipanda mlima kwa miguu ya mama mkwe wangu. Na nikicheka.

Nimemwonyesha mume wangu. Kaitazama, akasema labda mama hakihitaji kiti wiki hii. Kisha akauliza chumvi iko wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa mama asubuhi, kabla ya kazi. Nimepanda kwa betri yake mwenyewe, maana goti ni goti. Hata hilo limenichefua.

Mama nimemkuta dirishani. Injinia humsukuma hapo anapotoka na kumwondoa anaporudi. Magurudumu ya kiti kile ni madogo, aliyekikalia hawezi kujisukuma. Chai iko juu ya kabati, mkono haufiki, nzi kazama ndani. Mama amelowa. Shuka kaivuta mapajani ili nisione, kisha akatazama pembeni. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kutoinamisha kichwa mbele za watu.

Nimemwosha, nimembadilisha. Ngozi ya kiunoni imeanza kuwa nyekundu. Nayajua madoa hayo, najua yanakoelekea.

Nikamwambia nimemrudishia betri. Akauliza, bila kinyongo chochote, "Kwani umeshamaliza nayo?"

Sikuelewa.

"Si aliniambia wewe ndiye uliyeiomba? Nikasema mpe mwanangu, ana wagonjwa."

Grisi inatoka kwa sabuni. Kuchukua jina langu ukamnyang'anye nalo mama yako mzazi — hilo sijui linatoka kwa sabuni gani. Nikamwambia, mama, sikuomba. Sikujua. Vidole vyake vikakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Basi irudishe mahali pake."

Naandika mezani kwake. Daftari hukaa kwenye mkoba wa kazi. Zahanati nimewaambia nitachelewa. Mama kajaribu kiti: kazunguka sebule, kagonga kabati, kazunguka tena. Mume wangu ananipigia simu, sipokei. Injinia nimempigia nikamwambia baiskeli imegoma, iko hapa kwa mama, aje na vifaa. Kwa ajili ya baiskeli atakuja mbio.

Geti limelia. Nasikia mluzi wake uani. Nimeinuka, lakini mama kanishika mkono.

"Kaa. Huyu nimemzaa mimi."

Kasukuma mbele kijiti cha kuendeshea kiti, polepole, mpaka katikati ya mlango, na hapo kakisimamisha.