Kapita Ametoka Mlango wa Nyuma

Manika, Kolwezi, 3 Julai 2023

Tata mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mgongo wake unaendeleaje? Na lile jicho lako la kushoto, bado linatoa machozi? Sisi ni wazima, ila vumbi la kiangazi hiki tumelimeza la kutosha kujenga nyumba. Mume wangu Jeancy anakusalimu, mkwe wake. Bado anaendesha mashine kule Fungurume, na leo akirudi kazini atapita Tenke awashushe watoto kwako. Barua hii wanayo wenyewe mkononi.

Naomie sasa ana miaka kumi na mmoja, Ariel saba. Acha nikuambie kwa nini nawaleta. Mwezi uliopita mwalimu aliwaambia wachore nyama wa pori. Wewe unajua kwetu neno ni moja, nyama anayetembea na nyama ya kwenye sufuria. Ariel akachora sahani, vipande vitatu na pilipili. Mwalimu alicheka. Mimi nilicheka mbele ya watu, nikaenda kuhuzunika jikoni. Mjukuu wa mwindaji, Tata!

Michezo yao hapa ni kuchimba. Wanachimba nyuma ya choo, wanatafuta madini, mmoja anakuwa mnunuzi na mwingine polisi. Nataka wajue kwamba ardhi ina vitu vingine.

Basi wapeleke porini. Wote wawili. Nairudia ili usiseme hukuona: wote wawili.

Simu yako tuiache, maana ukiipokea unapiga kelele "allô" mara kumi kisha unakata. Tuandikiane kama ulivyozoea ulipokuwa kazini relini. Sadrack wa minibasi atatubebea barua.

Binti yako,
Louise


Tenke, 9 Julai 2023

Mwanangu Louise,

Salamu zimefika, na watoto wamefika. Tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Mgongo wa Mama yako unauma akifua, hauumi akicheza kanisani. Jicho langu liko vilevile, lakini lile la kulia linafanya kazi ya mawili.

Ariel nimemwanzisha tayari. Namfundisha kukaa kimya, kuweka mguu bila kuvunja majani, kujua upepo unatoka wapi. Kukaa kimya kunamshinda, lakini tutafika. Naomie atabaki nyumbani na nkambo yake, Mama yako, kuna karanga za kumenya na hadithi za kusikiliza. Usinune. Wavu wa mawindo hauguswi na mwanamke, akiugusa unaoza, ndivyo nilivyoukuta kwa marehemu baba yangu. Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Mama yako anataka niandike kwamba yeye hajasema kitu. Nimeandika.

Tata yako


Kolwezi, 14 Julai 2023

Tata,

Nakusalimu. Mama apone. Leo sina salamu ndefu.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi mlitoka watatu, wewe, kaka yangu Godefroid na mbwa. Godefroid alikuwa analia hataki kwenda, mimi nalia nataka, na ulimchukua yeye. Hata mbwa ulimchukua, Tata, na alikuwa jike!

Nilikaa na uchungu huo nikidhani nimeusahau. Barua yako imeuamsha. Sitaki Naomie aandike barua kama hii akiwa mtu mzima. Kama atabaki na karanga, Jumamosi tarehe 29 nitakuja kuwachukua wote wawili, na Ariel aendelee kuchora sahani.

Nakuheshimu, ndiyo maana nasema waziwazi.

Binti yako,
Louise


Tenke, 26 Julai 2023

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Jambo la mbwa limenichoma. Mama yako alipolisikia alicheka hadi akakaa chini.

Nina haraka, Sadrack anapiga honi. Jana tulimkosa Kapita. Mimi na Ariel tulimvizia mlango wa mbele tangu asubuhi, kumbe mjanja katoka mlango wa nyuma, kakimbia na lile tumbo lake. Ni makosa ya Ariel, aliimba. Naomie, aliyekuja kutuletea maji, ndiye aliyetuonyesha alikopitia.

Jumamosi tunarudi kwake na rungu. Naomie ndiye atakayeziba mlango. Nimeamua hivyo na sitaki mtu aniulize. Safari hii Kapita hatoki mzima.

Tata yako


Kolwezi, 28 Julai 2023

Tata!

Kapita gani? Si yule kapita Mukalay, mkubwa wenu wa relini mliyegombana naye kwa ajili ya likizo? Tata, mzee wa watu amestaafu, ana kisukari! Amekukosea nini tena? Na rungu? Na mwanangu wa kike anaziba mlango ili mtu asitoke mzima?

Nilikuomba uwapeleke porini, sikukuomba uwapeleke korokoroni. Nimepiga simu yako mara kumi na tano, haipatikani. Jeancy hawezi kuacha mashine. Nimempigia Godefroid ofisini kwake Fungurume, apande moto, pikipiki ya kukodi, aje kuwatenganisha. Ajabu, hakuuliza hata swali moja. Amesema tu, "Niko naenda sasa hivi."

Mama, kama Tata hasomi barua hii, isome wewe. Mfiche lile rungu.

Louise wenu


Tenke, 31 Julai 2023

Mwanangu Louise,

Pokea salamu za watu walioshiba. Kapita tumemla. Tumemla Jumapili baada ya misa, kwa ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na Godefroid uliyemtuma kutuokoa alikula paja zima peke yake. Mukalay ni mzima, tumempelekea mchuzi.

Mama yako aliisoma barua yako kwa sauti mbele ya wote. Mpaka sasa nikikohoa, Ariel anapiga kelele, "Mama, ficha rungu!"

Sikia, mwanangu. Porini mtu halitaji jina la nyama anayemfuata. Ukilitaja, anasikia, anahama. Hata kwenye barua haliandikwi. Kwa hiyo kila nyama tunampa jina la kumficha. Huyu watoto walimwita Kapita kwa ajili ya tumbo, na meno mawili ya mbele anayoyaonyesha ovyo, na kwa sababu anakula shamba la watu huku hafanyi kazi. Alikuwa ndezi, yule panya mkubwa wa matete, mnene kama mbwa mdogo. Sasa naweza kuandika jina lake, maana hasikii tena.

Nikueleze ilivyokuwa. Alijificha ndani ya kichuguu cha zamani chenye mashimo matatu. Siku ile ya kwanza nilitega wavu kwenye shimo kubwa, nikijiona fundi. Alipotuponyoka, Naomie akaweka chini kidumu cha maji akaniambia:

"Nkambo, pale hapana. Ile udongo iko ya zamani. Ya leo iko huku nyuma."

"Unajua namna gani?"

"Kwetu jirani akichimba madini mu nyumba yake, anamwanga udongo mu lupango, pa inje. Batoto bote tunajua ile ya leo. Rangi yake haiyakauka."

Nikainama, nikagusa. Kweli, udongo ulikuwa na ubaridi, na alama za kucha zilikuwa mpya. Louise, nina miaka sitini na nane. Nimefuata nyayo tangu sijaota jino la pili, na nimefundishwa udongo na mtoto wa Manika mwenye viatu vya plastiki. Usiku huo sikuwaza sheria ya baba yangu, niliwaza kwamba jicho langu moja limechoka, na kwamba jicho jingine Mungu ameniletea nikaliweka kwenye karanga.

Jumamosi nikampa wavu mkononi. Haukuoza. Alitega pale kwenye udongo wa leo, akalala kifudifudi, akanyamaza hata nzi alipomtambaa puani. Mimi na Ariel tukaziba shimo la tatu kwa mawe, tukafukiza moshi mbele. Kapita akatoka kama jiwe la manati, akaingia wavuni, na Naomie akaurukia kwa tumbo zima. "Niko naye! Nkambo, niko naye!" Nilimmaliza kwa rungu, mara moja tu. Naomie hakugeuza uso. Aliyagusa yale manyoya, akasema, "Aksanti, Kapita." Maneno hayo sikumfundisha mimi.

Porini watu nao wana majina. Yeye anaitwa Udongo-wa-Leo. Ariel anaitwa Korali, kama kwaya ya kanisani, na sababu unaijua.

Tarehe 29 uliyotutishia imepita, na sikukuona. Nimefurahi na nimesikitika.

Tata yako


Kolwezi, 5 Agosti 2023

Tata wangu,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Udongo-wa-Leo na kwa Korali. Mzee Mukalay asisahauliwe.

Barua yako niliisomea ofisini, nikapiga kelele, Stéphanie wa meza ya pili akadhani nimefiwa. Nikamsomea, akalia kwa kicheko hadi wanja ukamtiririka. Sasa kila asubuhi mkuu wetu akiingia, Stéphanie ananinong'oneza, "Mlango wa nyuma." Utanifukuzisha kazi.

Na Godefroid! Kumbe alielewa tangu kwenye simu, akanyamaza ili asikose paja. Mwambie nitamtafuta.

Lakini, Tata, baada ya kucheka niliwaza. Godefroid alielewa mara moja, mimi nikafikiri mnaua mtu. Lugha ile mlikuwa nayo ninyi wawili, na mimi nimeishi na ninyi nyumba moja miaka kumi na minane bila kuijua. Nina miaka thelathini na tisa na bado imeniuma kidogo. Sikulaumu tena, umeshanipa Naomie na wavu, na furaha niliyo nayo ni kubwa. Nauliza tu. Godefroid aliitwa nani kule? Na mimi, kama ungenichukua, ningeitwa nani?

Binti yako,
Louise


Tenke, 12 Agosti 2023

Louise wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na moyo mwepesi. Sisi tuko salama. Ndani ya bahasha utaona mchoro wa Ariel. Nyama huyu ana miguu minne, mkia na meno. Pilipili ameiweka pembeni, hakutaka kuiacha kabisa.

Godefroid tulimwita Konokono. Yuko hapa leo Jumamosi, amekubali kwamba lilimfaa. Alikuwa nyuma siku zote, anaogopa majani.

Swali lako la pili limenikalisha siku mbili. Mama yako akasema, "Si umuambie tu? Unaogopa nini?" Haya, nakuambia.

Jina ulikuwa nalo. Hukulichukua kwa sababu hukuja, na hukuja kwa sababu mimi sikukuchukua, lakini tulilitumia kila Jumamosi. Unakumbuka ulivyokuwa unafanya tukiondoka? Ukimaliza kulia ulikuwa unaweka sufuria kubwa kwenye moto, unaijaza maji ya kunyonyolea manyoya. Hukuwahi kuuliza kama tutapata. Uliweka tu. Mimi na Godefroid tukichoka, tukitaka kurudi mikono mitupu, mmoja alikuwa anasema, "Tufanye tena kidogo, Maji-ya-Moto anangoja." Ndiyo, Maji-ya-Moto ni wewe. Siku tulizokosa tulizunguka kwa njia ya reli tuingie kwa nyuma, kwa kuona haya mbele ya sufuria yako. Hata Kapita hakuwa wa kwanza kutumia mlango wa nyuma.

Nyama wengi wa nyumba hii tuliwapata kwa ajili yako. Nilipaswa kukuambia ukiwa na miaka tisa. Nilipaswa kukuchukua. Nilikosea, mwanangu, na nasema hivyo Mama yako akisikia, ili usifikiri ni kalamu tu.

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe 26, kabla watoto hawajarudi shule, tunamfuata mtu mmoja tunayemwita Receveur, kama kondakta wa minibasi. Ana madoadoa, anatembea na kundi, anapiga kelele nyingi, na anaruka. Usiulize zaidi. Wavu wake ni mrefu, unahitaji watu watatu. Upande mmoja ni wangu, mwingine wa Naomie. Katikati hakuna mtu.

Tata yako


Kolwezi, 22 Agosti 2023

Tata mpendwa, Mama mpendwa,

Salamu zote nitazitoa kwa mdomo. Mkuu wangu amenipa Ijumaa. Nafika na Sadrack mchana, nimenunua viatu vya plastiki kama vya Naomie.

Katikati pasiwekwe mtu.

Maji, safari hii, achemshe Konokono.

Binti yenu,
Maji-ya-Moto