Kitambaa Nyuma ya Kiti cha Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Kitindamimba wangu amekuja na pikipiki mpya. Nilimwona tu amesimama nayo langoni, sikusikia hata mkoromo. Nikajua imemzimikia, ameisukuma tangu barabara kuu. Nikamwambia pole mwanangu, umeuziwa maiti. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mama, imewaka hii! Imewaka wapi? Nikaweka kiganja ubavuni mwa pikipiki — baridi kama mtungi. Nikazunguka nyuma kutafuta bomba la moshi. Hakuna! Yaani chombo kizima hakina pa kutolea pumzi. Kina betri chini ya kiti, nzito kama jiwe la kusagia, inachomekwa ukutani kama simu.

Mzee akatoka na fimbo yake. Mume wangu ametengeneza malori ujana wake wote, injini anaijua kwa kuisikiliza. Akainama, akatega sikio. Akasema hiki si chombo, hii ni baiskeli yenye majivuno. Kisha akakohoa mpaka akatafuta pa kukaa.

Mimi nimefurahi, ila sikumwonyesha mtoto, atavimba kichwa. Lile dude lake la zamani lilikuwa linawashwa kila asubuhi chini ya dirisha la Mzee, moshi wote chumbani. Na daktari alisema wazi, mimi nimesimama pale: kifua hiki hakitaki moshi tena. Mkiuondoa atapumua, msipouondoa kitanda chake kiko wodini.

Haya. Moshi umeondoka. Tuone.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuliza moto wa betri unakaa wapi. Mtoto anasema hakuna moto, ni umeme umelala. Umelala vipi? Na ukiamka unajuaje kwenda mbele? Akasema Mama, mimi ni dereva tu. Basi watu wanapanda vitu wasivyovijua! Alipokwenda kuoga nimefunua kiti mwenyewe. Nimenusa. Harufu hakuna. Kitu kisicho na harufu sikiamini, lakini nimekichungulia mpaka maji ya kufulia yakapoa.

Abiria wake wanaipenda. Wanasema wanafika kazini nguo hazinuki petroli. Hilo nimelielewa bila kufundishwa. Mimi ni dobi.

Mzee bado anakohoa.

Jumatatu, 10 Machi

Bado! Pikipiki haina moshi na Mzee anakohoa vilevile, jioni ndiyo zaidi. Jana gazeti lilimtoka mkononi.

Kila alasiri anakaa kwenye kiti chake chumba cha pasi, ananisomea nikipiga pasi. Mimi shule niliiacha mapema, nasoma kama mtu anayevuka tope. Yeye anasoma kwa sauti na anagombana na kila habari. Bila hivyo alasiri haiishi.

Kwa hiyo kuna moshi mwingine. Ni mabasi ya stendi. Au ni jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, inaguruma kwa dizeli kutwa. Nimekwenda kumwambia ana kwa ana. Akanijibu kwa kejeli: shangazi, moshi wangu unapanda juu, wako unakwenda wapi? Wangu! Nikamwambia wangu ni wa mkaa safi, ninauchagua kipande kwa kipande, hauna neno na mtu.

Mjinga yule. Nitamwonyesha. Uchafu naujua kuliko yeye anavyojua unga.

Jumanne, 11 Machi

Nimechana shuka kuukuu jeupe, nimepata vitambaa vitatu. Nimevifua pamoja, sabuni moja, maji mamoja. Kimoja nimekitundika dirisha la barabarani kunakopita mabasi. Kimoja uani, upande wa mashine. Cha tatu nimekifunga nyuma ya kiti cha Mzee, chumba cha pasi. Hicho kibaki cheupe, vile viwili vione aibu.

Mzee ameuliza namvika bendera ya nchi gani. Nikamwambia nyamaza usome.

Jumapili, 16 Machi

Nimevitoa. Nimevitandaza kitandani, nimefungua pazia.

Cha barabarani: vumbi la kahawia, ukikung'uta linaruka. Moshi upo, kona moja imeingia kijivu. Cha uani: unga, na kijivu kidogo.

Cha kiti cha Mzee — cheusi. Cheusi cha mafuta mafuta, kimeng'ang'ania kwenye uzi. Nimesugua kwa kidole, kidole kikatoka kama nimeshika matako ya sufuria.

Kwanza nimemgombeza. Umejipaka nini kichwani wewe mwanamume? Akaniinamishia kichwa ninuse. Nywele zenyewe za kupaka hana!

Nikaenda chumba cha pasi, nikasimama mlangoni kama mteja. Jiko la mkaa pembeni. Pasi yangu juu yake. Dirisha limefungwa kwa msumari — mimi nililifunga, upepo usirushe majivu kwenye mashati ya watu. Na kiti chake kiko hapo hapo, kati ya jiko na ukuta.

Nimekikunja kitambaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimekifua. Sabuni, jua, sabuni tena. Hakitakati. Mimi ninayetoa wino kwenye makoti ya makarani! Kama kitambaa kimenishinda, mle kifuani kunafuliwa na nini?

Nimemwambia Mzee asikanyage tena chumba cha pasi. Akauliza kosa lake. Nikamwambia kosa hana, na ruhusa pia hana. Akaenda kukaa sebuleni, akawa anasoma kwa kupayuka ili nimsikie ukutani. Nikapata nusu nusu: waziri fulani amekana, amekana nini sijui. Kisha akanyamaza.

Nimepiga pasi mashati ya watu, mwenzangu ukuta.

Ijumaa, 21 Machi

Mkwe wangu, mke wa kitindamimba, ameniletea pasi yake ya umeme nijaribu. Nyepesi kama kijiko! Yangu ya chuma unaiongoza tu, uzito unafanya kazi. Hii mpaka uiegemee kama unaiomba. Haina mkaa wa kupulizia. Inajizima na kujiwasha yenyewe, tiki, tiki. Nimekaa nikaivizia kama kuku anayetaka kutaga. Nani anaiambia imetosha? Mkwe anasema ina kipimo ndani. Mama, usiiguse kwa mate! Kipimo changu mimi ni kidole chenye mate, miaka yote. Nimekigusisha alipogeuka. Tss! Sawasawa na ya mkaa! Basi chuma ni chuma, kilichobadilika ni anayekipasha.

Shati la kwanza nimeliunguza kola. Lilikuwa la Mzee, nililichagua kwa akili.

Nimeng'oa msumari wa dirisha. Mzee amerudi kitini kwake. Anasema ameletewa mke mdogo, mwembamba, ila ana mkia. Nikamwambia mshukuru, huyo mwembamba ndiye aliyekuombea ruhusa. Akasoma ukurasa mzima bila kukatizwa na kifua. Sijamwambia nilikuwa nasikiliza.

Kitambaa sijamwonyesha. Hajauliza.

Jumanne, 25 Machi

Nipo uani. Naandika juu ya meza ya pasi.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Joho la hakimu liko hapa mezani, nusu limenyooka, nusu kama limetafunwa na ng'ombe. Karani wake anakuja kulichukua jioni hii, kesho hakimu anaapishwa nalo. Sijawahi kumrudishia mtu nguo yenye makunyanzi. Wako wanaorudisha. Si mimi.

Mtoto amekwenda kuuliza, ameambiwa nguzo imeanguka, mafundi wako njiani. Njiani wapi, hawakusema. Na pikipiki yake imejaa chaji, inapita hapa kimya inanicheka! Nimemuuliza kwa nini betri yake isiilishe pasi ya umeme, umeme si umeme? Akasema sijui Mama, lakini usijaribu. Angalau leo amekiri hajui.

Mzee akasema washa mkaa humo ndani, funga dirisha, mimi nitavumilia. Nilivumilia malori mimi. Nikamwambia ulivumilia malori, na sasa kupanda ngazi mbili unatafuta ukuta.

Basi meza nimeitoa nje. Mimi! Niliyewasema madobi wa nje kila siku, kwamba mtu anayepiga pasi juani amefukuzwa kwao. Mwenye mashine akatoka mlangoni, ana unga mpaka kwenye kope. Shangazi, leo tumehamia barabarani? Nilikuwa na jibu lake tayari, la kumchoma. Nikamwonyesha joho. Nikamwambia ni jeusi hili, na unga wako mweupe. Akalitazama, akaingia ndani, akazima mashine. Hilo sikulitegemea, nimebaki na jibu langu mdomoni.

Jiko nimeliweka tayari, mkaa umepangwa. Nimetundika kile kitambaa changu cheusi kwenye kamba, nione upepo unaelekea wapi kabla sijawasha. Halafu nasikia kitu kinakwaruza sakafu. Nageuka — Mzee! Anakokota kiti kwa mkono mmoja, gazeti kwapani, anahema. Nikamwambia rudi ndani. Anasema ndani hamna wa kumsomea. Basi kaa kule langoni! Anasema kule mimi sitasikia, masikio yangu anayajua. Amekaa hapa hapa, pembeni ya jiko. Halafu amekitazama kitambaa kwenye kamba, muda mrefu. Ameuliza, ndicho kile cha kiti changu? Nimemwambia soma gazeti.

Hajasoma. Ananitazama mimi.

Upepo ukielekea ukutani, nawasha na joho linanyooka. Ukija huku, moshi wote ni wake.

Kiberiti ninacho mkononi. Jua limefika kwenye paa la stendi. Karani yule pale anavuka barabara.

Upepo hakuna, kitambaa kimening'inia wima. Hakijaamua.