Samaki Niliyempindua Nansha

Mama mpendwa, na nyote mliopo barazani,

Nawasalimu kutoka Nansha, kusini mwa Guangzhou. Kontena letu lilipokwisha kupakiwa, nilitembea kando ya bahari hadi ufuko tulivu, ambako mvuvi mmoja na mkewe walinikaribisha samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi. Upande wa juu ulipokwisha, nikampindua.

“Bosi, acha!” mke akashtuka. “Mwanangu yuko baharini! Ukipindua samaki, umepindua mashua yake!”

Nikamrudisha samaki upesi, tukabaki tukitazama maji. Kijana wao alipofika na kusimuliwa, alicheka: “Kumbe wewe ndiye uliyetaka kunizamisha!”

Mama, nilizoea kukucheka unapokataza nyumba isifagiliwe siku ninayosafiri. Naomba radhi mbele ya wote. Safari ijayo, ufagio nitauficha mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Salim