Nyumba ya Friji

4 Februari

Kwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Salamu sana. Mimi sijambo, hofu ni kwako uliye mbali. Habari za kazi, habari za miguu? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijaandikiwa na mtu. Ile simu nikiiweka sikioni nasikia upepo tu.

Friji limefika. Vijana walilibeba huku wanahema kama wamebeba jiwe la msingi. Nimeliweka chumbani karibu na kitanda, na dawa yangu ya sindano za sukari imo humo kama daktari alivyoagiza. Ahsante. Lakini mwanangu, mgeni uliyeniletea ni mlafi! Hapumziki. Kila akinguruma nakuona wewe huko kiwandani, umesimama na pasi, unanyoosha mashati ya watu ili mzee huku anunuliwe baridi. Mwenye duka jirani akija kuingiza zile namba za umeme unazomtumia, mimi nageuza uso.

Usihofu. Umesahau baba yako ni nani? Nusu ya kuta za mji huu zimesimama kwa mwiko wangu. Mtu aliyezuia mvua, jua na wezi, atashindwa kuzuia baridi isitoroke? Nitalijengea friji nyumba, uone umeme utakavyotulia.

Ni mimi baba yako, fundi mkuu.


25 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni sukari yako. Je, unakula kwa wakati?

Hiyo nyumba ya friji ni utani, au? Maana nakujua. Tafadhali liache lilivyo. Mwezi huu umeme umekwisha mapema mno. Mwenye duka kila mara, "Dada, mzee kaishiwa tena." Baba, unauza barafu? Kama unauza, nitunzie fungu langu. Nacheka, lakini niambie ukweli.

Mwanao, kitindamimba.


12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nipo, na wanaonisema nimezeeka waje tushindane kubeba saruji.

Nyumba imekamilika! Tofali za kuchoma, ubavuni, mgongoni na juu, zimelibana friji hata unywele haupiti. Nimepiga lipu, nimepaka chokaa, nimeacha mlango wake tu. Watu wanakuja kutazama. Mwalimu wa shule akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nikamwambia, utaonea wapi, mwalimu, na fundi ni mmoja?

Ni kweli umeme unakimbia kuliko mwanzo. Mita ndiyo yenye makosa, ukuta hauna. Ukuta nimeunyoosha kwa kamba, haujapinda hata kidogo. Mita ni mwizi, na nimemkomesha. Asubuhi nachomoa waya, jioni narudisha. Hata punda hufunguliwa mzigo, sembuse sanduku? Baridi imo tu, itapitia wapi? Na dawa kila nikiitazama ni ile ile. Siku hizi nina kiu sana na kichwa kinanizunguka, lakini ni jua hili.

Kwa hiyo usitume tena umeme. Nunua viatu vyenye soli nene. Nimesema, na nikisema nimesema.

Baba yako, fundi mkuu.


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Tangu nisome barua yako usingizi umenikataa.

Nimemuuliza fundi wa mafriji wa hapa mtaani. Alishika kichwa. "Dada, mzee wako kalifunika friji blanketi la tofali!" Anasema friji hutoa joto kwa mgongo. Likibanwa, joto halina pa kwenda, basi linahangaika bila kupumzika, na huko kuhangaika ndiko kunakokula umeme. Mita umeisingizia, Baba. Ni ukuta. Na ukichomoa waya, dawa inapata joto na nguvu zake zinakwisha, hata kama kwa macho haijabadilika. Hiyo kiu usilisingizie jua. Ni kama unajidunga maji.

Nakupigia magoti. Nenda hospitali leo upewe dawa nyingine, na huo ukuta uuvunje. Viatu ninavyo. Baba ninaye mmoja.

Mwanao.


9 Aprili

Baba,

Nimengoja barua, haikuja. Jana mwenye duka kanipigia. Kasema alikukuta sakafuni, wakakukimbiza hospitali, na sasa umefumbua macho ila hutaki kusema na mtu.

Nimemwambia msimamizi naacha kazi nije. Mashati yapo kila mahali, nitanyoosha ya huko. Nijibu hata kwa neno moja. Nitukane ukitaka, bora nione mwandiko wako.

Mwanao.


26 Aprili

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Marahaba. Ni ya ile shikamoo yako ya Machi niliyoikalia kimya. Nimerudi nyumbani na dawa mpya. Manesi walinipenda, mmoja aliuliza kama nina mdogo wangu aliyebaki bila mke.

Kazi usiache. Omba likizo, uje kama mgeni wa heshima, usije mbio kama mtu aliyeitwa msibani. Sijafa.

Ukuta nimeubomoa. Mwenye duka alikuja na nyundo yake, nikamnyang'anya. Nikamwambia, ukuta wangu hajauvunja mtu, na kama upo wa kuvunjwa basi mkono ni huu huu uliojenga. Ilinichukua kutwa, mwanangu! Wa fundi mwingine ungeanguka kwa chafya. Nilipotoa tofali za nyuma nikaligusa friji mgongoni. Lilikuwa la moto kama mtoto mwenye homa. Nikakaa chini, nikaliwekea kiganja mpaka likaanza kupoa. Nikasema, pole, sikujua unataabika hivi. Mwenye duka alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hata mimi sijui kama nilikuwa naliambia friji, au wewe.

Sasa linanguruma kidogo, kisha linanyamaza. Waya siugusi.

Lipo jambo moja limebaki, na hapa ndipo kalamu inapogoma. Karatasi nyingi nimezichana. Unajua sijapata kumwomba mtu kitu. Hata mama yako, Mungu amrehemu, nilimposa kwa sauti ya mtu anayetoa msaada.

Mwanangu, umeme unakaribia kwisha. Naomba unitumie.

Baba yako.