Onyo la Mama Gregory Limeingia Kwenye Simu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla akili haijaniruka, mimi nina duka la simu Kagongwa na wateja wangu wengi hawana barua pepe, kwa hiyo mtu akitaka nimfungulie akaunti mtandaoni naweka yangu, ndivyo nilivyomfanyia Mama Gregory, mjane anayeuza dagaa, aliponiambia, "Weka yako tu, ng'wanawane, mwanangu, mimi hata posta sijawahi kupata barua," tukacheka, kumbe anafungua ukurasa anaouita Waliobaki Chini, anaandika majina ya wachimbaji waliofukiwa kwenye duara, shimo la machimbo, ambalo mwenye nalo anaapa halikuwa na mtu, na jina la kwanza ni la mwanawe. Juzi imeingia barua ya kampuni ya mtandao huo, kwa Kiingereza, kwamba polisi wanataka namba ya mwenye ukurasa na mahali anapoingilia, nayo itawapa Jumatatu isipokuwa yeye aweke pingamizi la kisheria. Mke wangu Kausar anasema, "Ukimwambia, watakuja kwako, anwani ni yako, na una watoto." Jana mama mwenyewe kapita dukani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimekonda, nikamjibu ni malaria. Nifute barua, nimwambie, au ninyamaze?

Taufiq (majina na mji nimebadilisha mimi mshauri)

Taufiq, pole. Hofu yako naielewa. Malaria yako siielewi.

Polisi wakimsaka muuaji, kampuni na ifungue milango, sina ugomvi. Lakini hapa anayesakwa si aliyefukia watu, ni aliyewataja! Na kampuni isijifanye mtakatifu: inamuuliza mama muuza dagaa kama ana pingamizi, kwa lugha asiyoijua, kwenye anwani isiyo yake, kisha ukimya wake inauita ridhaa. Ukimya huo, ndugu yangu, kwa sasa ni wako wewe. Mtu akikupa ujumbe wa mwenzako ukaukalia, humlindi mtoto yeyote. Unamfundisha tu kukalia ujumbe.

Kausar hajakosea kuogopa. Amekosea kudhani kunyamaza kutawafukuza. Anwani ni yako, watakuja hata ukinyamaza.

Kwa hiyo usifute kitu. Ukifuta unajitengenezea kesi ya kwako. Ichapishe barua, funga duka, nenda kwake kwa miguu yako, usimtumie kwa simu. Msomee neno kwa neno kwa Kiswahili. Kisha mtafuteni mwanasheria wa msaada wa kisheria leo hii, aandike pingamizi na aulize polisi wana amri ya mahakama au wametumwa na mwenye duara tu. Mama asikimbie, kupinga si kosa. Nawe wakikuita, nenda na mwanasheria, useme kweli, na usitangulize mdomo.

Nanyi wengine mliofunguliwa akaunti dukani, nendeni mkaulize barua zenu zinaingia kwa nani.

Taufiq, nimekupigia tangu jana, hupatikani, ndiyo maana nakujibu hadharani. Gazeti linatoka Jumamosi. Polisi wanalisoma. Mama Gregory naye hufungia dagaa kwa gazeti hili, na husoma kabla ya kufunga. Jina nimelibadilisha, lakini habari ya mwanawe ataitambua. Ukimkuta amelishika, usianze na shikamoo. Anza na nisamehe, kisha mtoke wote wawili kwenda kwa mwanasheria.