Bomba la Ekzosi Ndani ya Oveni Yangu

Baba watoto,

Watoto wanatoka shule saa tisa, kawachukue kwa miguu. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu.

Keki iliyo mezani usiwape. Hiyo ni yako peke yako, kula ushibe. Ilikuwa ya harusi ya watu. Asubuhi nimeioka, jikoni kukajaa harufu ya rangi, na keki yenyewe inanuka hivyo hivyo. Kumbe jana nilipokuwa sokoni ulipaka rangi bomba la ekzosi la hilo gari lako kuukuu, ukalikaushia humo humo ninamookea!

Wiki nzima hatulali kwa ajili ya ekzosi. Ufunge bomba la zamani lililotoka na gari kiwandani, au ununue haya mapya yanayong'aa? Ulimuuliza fundi, ukamuuliza jirani, hata mama yangu ukampigia simu. Oveni inayotulisha hukuniuliza.

~~Nitarudi jioni.~~ Nalala kwa dada. Naoka keki nyingine huko, na bibi harusi anaisubiri saa kumi.

Oveni usijisumbue kuisugua. Mimi na jirani tumeiingiza gereji, maana sasa ni chombo chako cha kazi. Nafasi haikutosha, kwa hiyo gari tumelisukuma nje.

Naandika haya mvua inaanza. Boneti uliiacha wazi, nami sikuigusa. Cha mtu hakiguswi bila kuuliza.

Mama watoto